Mtoto, Malisho na Mwitu: Utoto na Maumbile katika Picha za Karne ya 19 na katika Ngano za Nyanza ya Kusini

Katika karne ya 19 wachoraji wa Ulaya na Marekani walitoa kwa wingi aina ya picha ambayo haikushughulika na wafalme, watakatifu wala vita, bali na watu wa kawaida katika shughuli zao za kila siku: mhunzi kiwandani, mama jikoni, wachuuzi sokoni, na mara nyingi sana watoto wa mashambani. Mtoto huchorwa akicheza majanini, akivuka kijito, akilinda kondoo au akipumzika chini ya mti. Huenda ikaonekana kwamba uhakiki wa picha hizo hauna nafasi katika jarida la lugha za Kiafrika. Makala hii inashikilia kinyume chake. Jicho lililozoezwa na picha hizo ndilo linaloongoza, mara nyingi bila mwenye jicho kujua, namna ngano za watoto zinavyotafsiriwa kwa Kiswahili na kutiwa picha katika vitabu vya shule. Ngano za Waluo wa iliyokuwa Wilaya ya Nyanza ya Kusini, yaani Homa Bay na Migori za leo, zinaonyesha waziwazi hasara inayotokea hapo, na kwa kuwa idara za lugha ndizo zinazowafunza wafasiri na wakaguzi wa vitabu hivyo, hasara hiyo haiwezi kuachiwa wenye viwanda vya uchapaji peke yao.

Picha na mnunuzi wake

Jambo la kwanza la kukumbukwa ni kwamba picha hizo zilichorwa vijijini zikanunuliwa mijini. Mnunuzi alikuwa mtu wa tabaka la kati, mwenye duka, kiwanda au ofisi, na alichokitundika ukutani kilikuwa kile ambacho maisha yake yalikuwa yamekwisha kukiacha. Winslow Homer alichora mwaka 1872 picha ya wavulana wa shule walioshikana mikono wakikimbia katika uwanda, baadhi yao miguu mitupu, shule yao ndogo nyekundu nyuma yao. Marekani ilikuwa imetoka vitani miaka saba tu kabla ya hapo. Katika picha hamna kovu la vita, wala mtu mzima aliye karibu. Kuna nyasi, mwanga na miili myepesi ya watoto. Uzuri wake haukanushiki. Lakini mtazamaji hana budi kuuliza uzuri huo ulimfaa nani, na jibu halielekei kuwa ni wavulana wenyewe.

Wachoraji bora waliiona shida hiyo kabla ya wahakiki. John Everett Millais, katika picha yake ya msichana kipofu ya mwaka 1856, alimweka ombaomba kijana kando ya njia, kinanda cha mkono mapajani, dada yake mdogo akimwegemea. Nyuma yao pana konde la kijani lililotoka kunyeshewa, na upinde wa mvua, tena si mmoja bali miwili. Kipepeo ametua juu ya shali ya msichana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho yeye anaweza kukiona. Kidole chake kinapapasa unyasi. Maumbile yote yaliyotandazwa pale yametandazwa kwa ajili ya mtu mwingine, yule asimamaye mbele ya picha. Ni ajabu kwamba Millais huyohuyo, miaka thelathini baadaye, alimchora mjukuu wake akitazama povu la sabuni likielea, na picha hiyo ikaishia kuwa tangazo la sabuni ya Pears.

Picha ifaayo kuliko zote kwa ulinganishi huu, hata hivyo, ni ile ya George Clausen ya mwaka 1896, inayomwonyesha mvulana akiamia ndege katika shamba la mwezi wa Machi. Clausen alikuwa amejifunza mengi kwa Mfaransa Jules Bastien-Lepage, ambaye mwaka 1881 alimchora msichana mchunga ng'ombe aliyejifunika gunia chini ya mti usio na majani, bila kumpamba hata kidogo. Mvulana wa Clausen vilevile hachezi. Ana kelele za mbao mkononi, baridi imemzunguka, na kazi yake ni kupiga sauti kutwa nzima ili mbegu zisiliwe. Uingereza ilikuwa imekwisha kulazimisha watoto kwenda shule kwa sheria ya mwaka 1880. Kwa hiyo Clausen alikuwa akichora kazi iliyokuwa ikitoweka, na kutoweka huko kumeingia katika rangi zenyewe: picha ina huzuni ya kuaga. Tena sauti, ambayo ndiyo kazi yenyewe ya yule mtoto, haimo. Turubai haiwezi kuibeba. Mtoto amefungua kinywa, na mtazamaji hasikii kitu.

Miaka hiyohiyo, kwenye miteremko ya Karachuonyo na Kanyamwa, watoto walikuwa juu ya madungu katika mashamba ya mtama na wimbi wakifanya kazi ileile hasa. Hakuna aliyewachora. Swali la makala hii ni wapi picha yao itafutwe.

Michoro ya mwamba na ng'ombe wa udongo

Haingekuwa kweli kusema kwamba Nyanza ya Kusini haikuwa na uchoraji. Kisiwani Mfangano, katika pango la Mawanga na kwenye mwamba wa Kwitone, kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe ambayo wataalamu wengi huihusisha na Watwa, wawindaji na wakusanyaji walioishi huko kabla ya wakazi wa sasa. Michoro hiyo ni miduara ndani ya miduara na miale itokayo humo; wenyeji wameihusisha kwa muda mrefu na kuomba mvua. Haina mtoto, haina mlima, haina ziwa, ingawa ziwa liko hapo chini mbele ya macho ya mchoraji. Aliyechora hakutaka kuonyesha maumbile bali kusema nayo, na jambo hilo linaonya mapema kwamba kutafuta picha ya mtoto majanini mahali hapa ni kutafuta kwa kipimo cha wengine.

Sanaa ya pili ni duni zaidi machoni pa makumbusho. Watoto wachungaji wamezoea kufinyanga ng'ombe kwa udongo wa mtoni, wenye pembe ndefu kupita kiasi na nundu kubwa, na kuwapanga katika maboma ya vijiti. Mvua huwafuta. Sanaa hii haikuhifadhiwa na mtu, na ndiyo maana haitajwi; lakini kwa hoja iliyopo ina uzito, kwa sababu ndani yake mtoto si kitu kinachoonyeshwa bali ndiye mwonyeshaji. Naye, akiachiwa achague, hafinyangi mtoto mwenye furaha, wala mti, wala jua linalotua. Hufinyanga mali ambayo amekabidhiwa na ambayo akiipoteza ataulizwa.

Mwitu si mandhari

Picha kamili ya utoto wa karne ile imo katika ngano, ziitwazo kwa Kiluo sigana. Mahali pake palikuwa siwindhe, nyumba ambamo wasichana na watoto wadogo walilala chini ya uangalizi wa mwanamke mzee aliyeitwa pim. David William Cohen, katika utafiti alioutoa mwaka 1985, alionyesha kwamba mwanamke huyo hakuwa tu mlezi bali mlango ambao maarifa ya jamii yalipitia, tena si lazima awe bibi mzaa baba wa watoto wale. Jambo moja halikazwi vya kutosha katika maelezo mengi: katika siwindhe watoto hawakusikiliza tu. Walipokezana zamu ya kusimulia.

Sasa na itazamwe namna maumbile yanavyoingia katika ngano hizo. Kundi la wasichana linakwenda kuchanja kuni au kuchuma matunda, mmoja anaachwa nyuma kwa hila ya wenziwe, jua linazama, zimwi Apul-Apul anatokea. Au mvulana yuko kwath, yaani machungani, ng'ombe mmoja haonekani, naye anaogopa kurudi nyumbani kuliko anavyoogopa giza. Msimulizi hasemi kama majani yalikuwa mabichi au makavu isipokuwa pale ambapo ubichi wao ulimfanya ng'ombe kuvuka mpaka. Mto hutajwa kwa kuwa umefurika na hauvukiki. Kila kitu cha maumbile kimeingia kwa mlango wa kazi au wa hatari, na kinajibu: mti hufunguka, jiwe humeza, ndege hutoa habari.

Neno linalotawala hapa ni thim. Wafasiri hulitia katika Kiswahili kama "msitu", na hilo ni kosa lenye madhara. Thim si lazima iwe na miti. Yaweza kuwa mbuga tupu. Maana yake hupatikana kwa kulinganishwa na dala, yaani boma, makao. Kile kilicho nje ya ulinzi wa dala ni thim. Ndiyo maana ngome ya mawe iliyoko Migori, iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, huitwa Thimlich Ohinga: jina linatangaza mwitu wa kutisha na ukuta uliojengwa dhidi yake katika pumzi moja. Kuta zake zilipangwa kwa mawe bila udongo wala saruji, na kimo chake ni kati ya mita 1.5 na 4.5. Mtoto aliyelelewa ndani ya kuta za namna hiyo hakuwa na sababu ya kuliona pori lililo nje kama pambo.

Kiswahili hakikosi neno la kufaa. "Mwitu" linabeba maana hiyo barabara, kama lisemwapo juu ya mnyama mwitu au paka mwitu: si mahali tu, bali hali ya kutokuwa chini ya mkono wa mtu. Lakini wafasiri wa vitabu vya watoto wamelikimbia, na badala yake hupenda kuanza kwa sentensi mbili tatu za "mandhari ya kupendeza" ambazo hazimo katika simulizi lolote. Neno mandhari lenyewe lapasa kuangaliwa. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama; mandhari ni kile kitazamwacho. Linahitaji mtu aliyesimama kando, asiye na ng'ombe wa kutafuta. Ni neno la mnunuzi wa picha. Katika riwaya lina kazi yake halali. Likitangulizwa katika ngano ya mchungaji linamng'oa mtoto katika shughuli na kumgeuza mtalii katika kijiji chake mwenyewe.

Na isidhaniwe kwamba hofu iliyomo katika thim ni ushirikina wa watu wasiojua nchi yao. Mapema katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kote Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ilishambulia pwani za ziwa na visiwa vyake, na Bonde la Lambwe likabaki kwa miongo mingi nchi ya ndorobo kuliko ya watu. Sehemu yake ndiyo iliyokuja kuwa Mbuga ya Taifa ya Ruma. Waliosimulia habari za pori linalomeza watoto walikuwa na ushahidi.

Jina kama picha

Kuna mahali pengine ambapo lugha imehifadhi picha ya mtoto na maumbile, na hapo mchoro ni mfupi kuliko wote: jina. Okoth na Akoth wamezaliwa mvua ikinyesha. Ochieng' ni mwana wa jua, Onyango wa jua lililokwisha kupanda asubuhi, Otieno wa usiku. Haya hutajwa daima, na kwa sababu ya kutajwa daima yamegeuzwa ushairi mwepesi juu ya Mwafrika na maumbile. Majina yanayosahauliwa ndiyo yenye mafunzo zaidi. Adoyo na Odoyo walizaliwa wakati wa palizi. Akeyo na Okeyo walizaliwa wakati wa mavuno. Ayoo na Oyoo walizaliwa njiani. Katika kila jina la kundi hili yumo mtu wa pili ambaye hakutajwa: mama aliyekuwa ameinama na jembe shambani uchungu ulipomshika, au aliyekuwa safarini. Msimu unatajwa kwa sababu ya kazi iliyokuwa ikifanyika ndani yake. Bastien-Lepage alihitaji turubai kubwa kuusema uhusiano huo wa mwili, ardhi na kazi. Kiluo kimeuweka katika silabi tatu, kisha kikampa mtoto aubebe hadi kaburini.

Vitabu

Uandishi wa Kiluo katika wilaya hii ulianzia misheni. Waadventista wa Sabato walifungua kituo cha Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na kikawa na kiwanda chake cha uchapaji. Ni kutoka mazingira hayo alikotokea Paul Mboya, mchungaji wa kanisa hilo na chifu wa Karachuonyo, ambaye kitabu chake juu ya mila na desturi za Waluo, Luo Kitgi gi Timbegi, kilitoka mwaka 1938. Hicho si kitabu cha ngano, wala hakikusudiwa kuwa sanaa. Hata hivyo ndicho kilicho karibu zaidi na picha za maisha ya kila siku kwa maana ya wachoraji wa karne ya 19, kwa kuwa kinaeleza watu wa kawaida katika taratibu zao. Tofauti ni kwamba Mboya aliwaandikia waliomo ndani ya picha, kwa lugha yao. Hakuwa na haja ya kuwavutia.

Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Winam, alikwenda mbali zaidi. Katika hadithi yake fupi juu ya Oganda, iliyomo katika mkusanyiko wa mwaka 1968 uitwao Land Without Thunder, binti wa mtawala Labong'o anachaguliwa atolewe kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Safari yake ya peke yake kuelekea ziwani ni miongoni mwa vipande vizuri vya maelezo ya maumbile katika fasihi ya Afrika ya Mashariki, na uzuri huo hauko huru hata kidogo: kila jani alipitalo linamkaribisha mauti, na waliompeleka ni wazazi wake mwenyewe. Mpenzi wake anamwokoa, na mvua inanyesha vilevile. Wahakiki wengi wameishia kwenye swali kama mila ilikuwa ya haki. Swali la ngano zenyewe ni la karibu zaidi: nani alimtuma mtoto huku, na kwa faida ya nani?

Ogot alirudia nchi ya Homa Bay moja kwa moja katika Simbi Nyaima ya mwaka 1983, juu ya ziwa dogo la chumvi karibu na Kendu Bay. Masimulizi yanajulikana: bibi kizee alinyimwa hifadhi katika kijiji kilichokuwa katika ulevi, mwanamke mmoja tu akamhurumia, mvua ikashuka, kijiji kikazama. Leo wageni hupelekwa hapo kuona maji ya kijani na heroe, na huambiwa ni mandhari nzuri. Kwa msimulizi, ziwa lile ni hukumu. Abasuba wa Mfangano na Rusinga na Abakuria wa Kehancha wana masimulizi yao juu ya maji na milima, nayo yanadai uchunguzi wa peke yake.

Kinachopotea katika tafsiri

Yawezekana kujibiwa kwamba tofauti hii ni ya ladha tu, na kwamba hakuna ubaya mtoto wa darasa la tatu akisomewa ngano iliyopambwa kwa maua. Jibu hilo lingetosha kama utoto wa kazi ungekuwa umekwisha Homa Bay na Migori kama ulivyokuwa ukiisha katika Uingereza ya Clausen. Haujaisha. Huko Nyatike, katika machimbo madogo ya dhahabu kandokando ya Macalder, mawe hupondwa na dhahabu hukamatwa kwa zebaki, na watoto wamekutwa mara kwa mara katika kazi hiyo, licha ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 na ile iliyoifuata mwaka 2022. Kwenye mialo ya ziwa watoto huvuta nyavu na kuanika dagaa. Mtoto wa namna hiyo akifungua kitabu cha Kiswahili akamwona mchungaji anayetabasamu chini ya mwembe, amefundishwa kwamba fasihi haimhusu.

Hatari ya upande wa pili nayo ipo, na wako waandishi walioiangukia: kuisifu kazi ya watoto kwa jina la utamaduni. Ngano haziwapi ushahidi. Mchungaji wa sigana hufanya kazi ndiyo, lakini kazi yake ina mipaka ambayo kila msikilizaji anaijua: ng'ombe ni wa dala, yeye ni wa dala, na jua likizama akiwa hajaonekana watu wazima hawalali. Zimwi huja pale mtu mzima au mwenzake alipovunja mpaka huo. Mtoto wa machimboni anaponda mawe ya mtu asiyemjua, kwa bei isiyopangwa na mtu wa dala yake. Mfasiri anayefuta hofu ya thim ili kitabu kipendeze anafuta chombo ambacho kwacho ngano ingeweza kuitofautisha hali ya kwanza na ya pili.

Pigo la mwisho kwa kawaida huangukia mwishoni mwa masimulizi. Sigana hufungwa kwa neno tinda, na baada yake msimulizi hujiombea akue, awe mrefu kama mti ulioko kwa wajomba zake. Wafasiri wameliacha ombi hilo kabisa, au wameliweka mahali pake fundisho lililokolezwa wino, wakichukua mwisho wa vitabu vya shule badala ya mwisho wa siwindhe. Wanaolibakiza hulidhania kuwa mapambo ya kufungia tu, kama paukwa na pakawa ya kufungulia upande wa pwani. Lakini kwa kuwa watoto walisimulia kwa zamu, anayejiombea hapo mara nyingi alikuwa mtoto kweli, na ombi lilikuwa la kweli. Baada ya zimwi, giza na ng'ombe aliyepotea, anataja mti mmoja: si mti wa mwituni, bali ule ulio ndani ya boma la watu wa mama yake, ambako hakuna amtumaye machungani.